Kumpima Ndege Dhiki Bila Kumwongezea Dhiki

Ndugu msomaji, kabla sijakueleza habari za wataalamu wa ng'ambo na kamera zao, yafaa nikiri kosa langu mwenyewe. Mwaka jana, likizo ya Aprili, nilimwua ndege wa mdogo wangu. Sikukusudia hata chembe. Nilikuwa nikimpima.

Ndege huyo alikuwa chiriku, wale wadogo wa manjano wanaookota mbegu kwenye nyasi za kando ya njia. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka tisa, alimnasa kwa karai la Mama la kufulia. Aliliegemeza kwa kijiti, akafunga uzi kwenye kijiti hicho, akanyunyiza mtama chini yake, kisha akajibanza nyuma ya tangi la maji asubuhi nzima. Uzi ukavutwa, karai likaanguka puu! Alipoingiza mkono kumtoa, unyoya mmoja mrefu wa mkia ukabaki kiganjani mwake. Usiusahau unyoya huo, nitaurudia. Wakati ule hatukujua kwamba Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kujikamatia ndege wa porini hivi hivi bila kibali. Sisi tulidhani ndege ni wa anayemuwahi.

Alikaa nasi wiki sita katika tundu la waya. Mwanzoni alikuwa akirukaruka na kujigonga, halafu akatulia, halafu akanyamaza kabisa. Mdogo wangu akaniambia, "Dada, huyu hana raha." Nami, kwa ule ujuaji wa mtu aliyeingia Kidato cha Pili na kusoma Bayolojia mihula minne, nikamjibu, "Nani kakwambia? Anakula, anakunywa, paka hamfikii. Sasa anataka nini tena?" Tukabishana hadi nikasema nitampa ushahidi. Nilimshika ndege mkononi, nikambana vizuri asiniponyoke, nikaweka kidole kifuani ili nihesabu mapigo ya moyo kwa saa ya Mama. Lo! Moyo ulikuwa ukienda kama cherehani, haukuhesabika. Akapanua mdomo. Kisha shingo ikalegea. Mdogo wangu hakunisemesha siku nne.

Shule zilipofunguliwa nilimsimulia mwalimu wetu wa Bayolojia. Aliniambia mambo mawili. La kwanza, nilimziba pumzi. Ndege hana ule msuli wa kiwambo tulio nao sisi chini ya mapafu. Yeye huvuta hewa kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari, hivyo ukimbana kifua umemnyima hewa hata kama pua na mdomo viko wazi. Ndiyo maana watu wanaofunga ndege pete za utafiti humshika shingo katikati ya vidole viwili na kuacha kifua kikiwa huru. La pili ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Alisema, "Hata asingekufa, hesabu yako ingekuwa ya bure. Ungekuwa umepima hofu ya kushikwa na wewe, si dhiki ya kukaa tunduni." Kikulacho ki nguoni mwako, na siku ile mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwa yule chiriku.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila nilichopata kuhusu jambo hili, kingine maktabani, kingine kwenye tarakilishi ya mwalimu wakati wa chamcha.

Kwanza neno lenyewe. Vijana wenzangu mnasema "nina stresi". Katika makala haya nimechagua neno "dhiki", kwa sababu limebeba maana ya kubanwa, na kubanwa ndiko hasa tunakokuzungumzia. Mwanasayansi aliyeieneza dhana hii duniani ni Hans Selye, aliyechapisha barua fupi mwaka 1936 akionyesha kwamba mwili wa panya hujibu kwa namna moja hata ukisumbuliwa kwa njia mbalimbali, uwe ni baridi, jeraha au sumu. Sasa tunajua njia inayopitiwa. Ubongo ukiona hatari, huituma habari kwenye tezi ndogo iliyo chini yake, nayo tezi hiyo huziamsha tezi zilizoketi juu ya figo. Tezi hizo humwaga homoni katika damu. Kwa binadamu homoni kuu ya kazi hiyo ni kotisoli, na kwa ndege ni dada yake aitwaye kotikosteroni.

Msidhani homoni hii ni sumu. La hasha! Humsaidia ndege kupata nguvu za kumkimbia kipanga, na hata siku ambayo hakuna kipanga hupanda na kushuka kwa saa zake. Shida huja inapokaa juu siku nenda siku rudi: kinga hupungua, uzazi hukwama, mwili hukonda.

Basi mtu angesema, rahisi, mtoe ndege damu uipime. Kweli hivyo ndivyo ilivyofanywa miaka mingi, kwa sindano nyembamba kwenye mshipa wa bawa. Lakini tazama ugumu wake. Kotikosteroni huanza kupanda mara tu ndege anapokamatwa. Watafiti Romero na Reed walionyesha mwaka 2005 kwamba damu inafaa kupatikana ndani ya dakika 3 hivi, la sivyo unasoma hofu ya kukamatwa badala ya hali aliyokuwa nayo kabla. Dakika 3! Mimi dakika 3 zilinipita nikitafuta saa ya Mama. Tena kuna suala la kiasi. Kanuni inayofuatwa sana ni kutozidisha sehemu moja kwa mia ya uzito wa ndege. Ndege wa gramu 12 atakupa gramu 0.12 tu, yaani matone mawili au matatu. Na huwezi kurudia kesho na keshokutwa.

Ndipo wataalamu wakageukia vile vitu ambavyo ndege huviacha mwenyewe bila kuombwa. Cha kwanza ni kinyesi. Msicheke, jamani. Kotikosteroni ikishafanya kazi yake katika damu, ini huivunjavunja, na mabaki yake hutoka pamoja na uchafu. Kwa ndege mkojo na choo hutoka kwa tundu moja, ile sehemu nyeupe mnayoiona kwenye magari ya walimu ndiyo mkojo wake. Kwa hiyo ukitandika karatasi safi chini ya tundu, ukakusanya kinyesi kila baada ya muda na kukigandisha kwenye barafu upesi, kabla bakteria hawajakiharibu, umepata kumbukumbu ya jinsi damu ilivyokuwa saa chache zilizopita. Katika maabara hukisaga, hukilowesha katika alkoholi ili mabaki ya homoni yatoke, kisha huyapima kwa kingamwili zinazoyanasa. Ndege hajui lolote. Yuko kwenye kijiti chake.

Na hapa, wasomaji, kuna habari inayotuhusu. Mojawapo ya ndege waimbao waliotumiwa kuthibitisha njia hii ni ndege aitwaye stonichati. Dume lake lina kichwa cheusi, doa jeupe shingoni na kifua cha rangi ya kutu, na hupenda kukaa juu ya kijiti cha ua akipigapiga mkia. Aina yake ya Kenya ipo huku kwetu kwenye nyanda za juu, nimewaona mwenyewe kwenye nyaya za ua wa shamba la ng'ombe. Huko Andechs, Ujerumani, Eberhard Gwinner na wenzake walikuwa wakifuga stonichati wa asili ya Kenya pamoja na wa Ireland, wa Ulaya ya kati na wa Kazakhstan, wote katika mazingira mamoja, ili wawalinganishe. Mwaka 2002 Wolfgang Goymann na wenzake, akiwemo Gwinner, walionyesha kwamba mabaki ya kotikosteroni yanapimika katika kinyesi cha stonichati wa Ulaya.

Lakini Goymann huyo huyo ndiye aliyekuja kuwaonya watu wasikimbilie kusherehekea. Mwaka 2006 yeye na wenzake walichapisha jambo lililonifurahisha kwa urahisi wake. Waliwaweka stonichati kwenye baridi. Ndege wakala zaidi ili wapate joto, na kwa kuwa walikula zaidi, wakanya zaidi. Sasa fikiria sukari vijiko viwili katika kikombe kimoja cha chai, halafu vijiko vile vile viwili katika birika zima. Anayeonja birika atasema sukari imepungua, kumbe chai ndiyo imeongezeka. Ndivyo ilivyo: homoni katika kila gramu ya kinyesi ilionekana ndogo kuliko inavyostahili, si kwa sababu ndege ametulia, bali kwa sababu kinyesi kimekuwa kingi. Chakula nacho hubadilisha hesabu, jinsia pia. Kwa hiyo huwezi kuchukua kipimo cha kwezi ukakivika kwa chiriku, ni lazima kila aina ya ndege ihakikishwe upya. Na kuihakikisha mara nyingi hutaka ndege wachache wasumbuliwe kwanza, kwa mfano kwa sindano ya homoni inayoamsha zile tezi za juu ya figo. Nilipolisoma hilo nilinyong'onyea kidogo. Lakini heri wachache mara moja kuliko wote kila mara.

Cha pili ni unyoya. Unyoya unapoota huwa na damu ndani yake, na homoni iliyomo katika damu hiyo huingia katika unyoya. Ukishakomaa, damu hukatika, unyoya unakuwa kitu kikavu kama kucha, na kilichofungiwa ndani hubaki humo. Gary Bortolotti wa Kanada na wenzake ndio walioonyesha mwaka 2008 kwamba kotikosteroni hupimika humo. Wao walitumia aina ya kwale, ila baadaye njia ikafika kwa ndege waimbao. Walieleza pia kwamba inafaa kuhesabu homoni kwa milimita za urefu wa unyoya, siyo kwa uzito, kwa sababu unyoya huota kwa siku. Kwa hiyo kinyesi hukusimulia habari za leo asubuhi, nao unyoya hukusimulia habari za wiki kadhaa. Isitoshe, ndege hupukutisha manyoya mwenyewe kila mwaka, unayaokota tu.

Mimi sina maabara, lakini unyoya ninao. Ndugu msomaji, nilikuomba usiusahau ule wa mkia. Katika zile wiki sita, mahali pake paliota unyoya mpya, na kabla hatujamzika yule chiriku chini ya mpera mdogo wangu aliuchomoa akauweka ndani ya kitabu cha Hesabu. Nilipojifunza haya nilimwomba anionyeshe. Tuliuinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Ukiangalia vizuri unyoya wa ndege una mistari hafifu, mmoja mweupe kidogo na mmoja mweusi kidogo, na kila jozi ni kama usiku na mchana mmoja wa kuota. Ni kalenda! Thomas Grubb wa Marekani ndiye aliyeieleza njia hiyo ya kusoma kalenda ya manyoya, mwaka 1989. Halafu, karibu na katikati, tukaona mstari mwingine wa namna tofauti, mwembamba kama uzi, unaopitisha mwanga kana kwamba mtu amekata kwa wembe. Wataalamu husema mistari hiyo ya udhaifu hutokea ndege akipata msukosuko wakati unyoya unaota.

Tulihesabu jozi kutoka nchani, maana ncha ndiyo huota kwanza. Tulipata kumi au kumi na moja, mdogo wangu anasema kumi na moja. Siku hizo, kwa kumbukumbu zetu, mambo mawili yalitokea. Paka wa jirani aliruka juu ya tundu usiku. Pia sisi sote tulienda matanga mashambani tukamwachia mtama na kopo la maji kwa siku mbili. Ni lipi kati ya hayo? Siwezi kuapa. Pengine yote, pengine hata jingine ambalo hatukuliona. Lakini mstari upo, nami ndiye niliyesema, "Anataka nini tena?"

Kuna njia ya tatu, nayo ni ya haraka kupita zote. Mtu akishtuka damu hukimbia kutoka kwenye ngozi kwenda ndani, ndiyo maana tunasema amepauka. Kwa ndege sehemu isiyo na manyoya ni ile inayozunguka jicho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland, walichapisha mwaka 2015 jinsi walivyotumia kamera inayoona joto kuwatazama ndege wadogo wa samawati na manjano walioingia kwenye kisanduku cha chakula. Mlango ulipofungwa, joto la kandokando ya jicho lilishuka ndani ya sekunde chache, na hakuna mkono uliomgusa. Kamera hizo ni ghali mno, sina haja ya kuwatamanisha.

Sasa niwaulize, homoni ikiwa chini ndege ana raha? Mimi nilidhani jibu ni ndiyo. Erin Rich na Michael Romero wa Marekani waliwasumbua kwezi wa tunduni kwa siku 18, mara redio ya kelele, mara kugonga tundu, kisha walichapisha matokeo mwaka 2005. Kotikosteroni haikupanda ikakaa juu. Ilishuka! Mwili ulikuwa umebadilika, hata ukipewa mshtuko mpya haujibu kama zamani. Kumbe ndege aliyenyamaza na ambaye damu yake imetulia anaweza kuwa ndiye aliyechoka kupita wote. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilipofika hapo nilifunga daftari nikaenda kuchota maji.

Hapo ndipo utafiti wa Melissa Bateson wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, unapoingia, na kwangu mimi ndio bora. Yeye na Matheson waliamua kumuuliza ndege mwenyewe. Kwezi walifundishwa kwamba chini ya kifuniko cheupe kuna funza mtamu, na chini ya kifuniko cha kijivu kilichokolea kuna funza aliyetiwa kwinini, mchungu kama shubiri. Wakishajua hivyo, wanaletewa kifuniko cha kijivu cha katikati, si cheupe wala si cheusi. Je, utafunua? Katika matokeo yao ya mwaka 2007, kwezi walioondolewa matawi na vitu vingine vya kuwaburudisha tunduni walisita zaidi kufunua vile vya katikati. Walitarajia mabaya, kama mwanafunzi aliyezoea kufeli ambaye hataki kufungua ripoti. Mwaka 2010 kundi hilo hilo lilieleza kwamba kwezi wenye tabia ya kubinuka sarakasi ile ile tunduni tena na tena walikuwa pia na mwelekeo huo wa kukata tamaa. Tabia ya kurudiarudia jambo moja bila sababu haihitaji kamera wala barafu. Inahitaji mtu wa kukaa na kutazama.

Jambo jingine watu wengi hulikosea ni wimbo. Tunasema ndege akiimba amefurahi. Dume la kanari ukimtenga peke yake ataimba sana, na wafugaji wanalijua hilo, lakini sehemu kubwa ya wimbo huo ni kuita mwenzi. Kuhusu wenzi, utafiti wa mwaka 2003 juu ya zebrafinchi, ndege mdogo wa Australia anayefugwa mno tunduni, ulionyesha kwamba akitenganishwa na mwenziwe kotikosteroni hupanda, akirudishiwa mwenziwe hushuka, ila akipewa mgeni wa jinsia ile ile ya mwenziwe haishuki vivyo hivyo. Haya basi, nani alisema ndege ni ndege tu?

Jirani yetu ni mzee mstaafu anayefuga kanari wanne barazani, kanari wa kufugwa vizazi na vizazi, si wa kunaswa. Mwezi wa pili alimtenga dume mmoja kwa sababu alikuwa akiwadonoa wenzake. Mdogo wangu akamwomba ruhusa, "Babu, tunaweza kumtazama bila kumshika?" Babu akacheka, akasema mradi tusifungue mlango. Kijiti kimoja kimewekwa juu ya mizani ya jikoni ya Mama, kanari akitua tunasoma uzito wake bila kumgusa. Kila jioni tunahesabu kwa dakika tano ni mara ngapi anazunguka njia ile ile: kijiti, waya, kopo la maji, kijiti. Siku ya kwanza alizunguka mara 14. Babu alipomfungia tawi la mpera lenye majani na kusogeza tundu lake karibu na wenzake awaone kwa waya, hesabu ikaanza kushuka. Juzi ilikuwa 9, jana ikarudi 11, labda kwa sababu kulikuwa na harusi na spika mtaani. Leo bado hatujahesabu.

Mdogo wangu ndiye anayeandika daftarini. Mimi husoma saa, nikiwa hatua nane kutoka kwenye tundu, kwa kuwa amenikataza kusogea zaidi ya hapo.